Mkataba wa sola Pemba: tani za kaboni anazidhamini nani?

WakiliChake:
Asalaam aleikum wenzangu. Nina mteja hapa Pemba, mzee mwenye kiwanda cha barafu ya wavuvi. Kampuni moja ya nje imemletea mkataba wa miaka 15: wamfungie paneli za kilowati 100 bila yeye kutoa hata senti, kisha alipe kwa kila uniti atakayotumia. Bei yao nzuri, hapo sina neno.

Kinachonikosesha usingizi ni vifungu viwili vya mwishoni. Cha kwanza kinasema haki zote za kimazingira zinazotokana na mtambo, yaani pamoja na haki ya kuuza kredi za kaboni, zilizopo na zitakazokuja, ni za kampuni. Cha pili kinamtaka mzee adhamini kwamba mtambo utaepusha tani 120 za hewa ukaa kila mwaka, na zikipungua afidie kwa bei ya soko ya siku hiyo. Mkataba wote ni wa Kiingereza, naye Kiingereza hakijui. Ameniambia, "Mwanangu, mimi nauza barafu. Hiyo hewa nitaipima kwa mizani gani?"

Sheria ipi inatawala huku kwetu? Zile Kanuni za Biashara ya Kaboni za 2022 zinafika Zanzibar? Na hii dhamana niikatae moja kwa moja au inarekebishika?

BiMkubwaVuga:
Waaleikum salaam mdogo wangu. Kanuni za 2022 zimetungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na sheria yenyewe inasema inatumika Tanzania Bara. Mazingira hayamo katika orodha ya mambo ya Muungano. Pitia Ibara ya 64 ya Katiba ya 1977, halafu rudi kwenye sheria yetu ya mazingira, Nam. 3 ya 2015. Rasimu ikiwa imezitaja kanuni za Bara kuwa ndizo zinazotawala mradi wa Pemba, zifute.

Ila usiishie hapo, maana hapo ndipo tunapokwama wengi. Kredi, yaani hati ya tani moja ya hewa ukaa iliyoepushwa, ikiuzwa kwa nchi nyingine ili iihesabie kwenye ahadi zake chini ya Ibara ya 6 ya Mkataba wa Paris wa tabianchi, lazima iwe na idhini ya nchi inakotoka, na mwanachama wa Mkataba ule ni Jamhuri ya Muungano. Nchi ikitoa idhini, hairuhusiwi tena kuzihesabu tani zile kuwa ni zake. Kwa hiyo utashughulika na Zanzibar kwa mazingira na ardhi, na Muungano kwa idhini ya kuuza nje. Mkataba utamke nani anaifuatilia, kwa gharama ya nani, na ikikataliwa nini kinafuata. Asiwe mzee.

FundiFuoni:
Mimi si mwanasheria, kazi yangu kufunga mitambo, lakini hizo tani 120 najua zimetoka wapi. Kilowati 100 kwa jua letu ni kama uniti 150,000 kwa mwaka. Jenereta ya dizeli hutoa takriban kilo 0.8 za hewa ukaa kwa uniti. Zidisha, unapata tani 120 kamili! Aliyepiga hesabu amechukulia kwamba kiwanda kinaendeshwa kwa jenereta mwaka mzima.

Pemba tunapata umeme kwa waya wa baharini kutoka Tanga tangu 2010. Majenereta ya Wesha ndiyo yaliyokuwa yakitulisha kabla ya hapo. Saa nyingi paneli zile zitachukua nafasi ya umeme wa gridi, wa gesi na maji, na tangu bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 lianze kuzalisha, hewa ukaa kwa kila uniti ya gridi inazidi kushuka. Maana yake hata tani chache za mwaka wa kwanza zitapungua mwaka wa kumi, na dhamana iko pale pale. Muulize mzee anachoma dizeli kiasi gani. Lita moja ni karibu kilo 2.7 za hewa ukaa.

MamaShehiya:
Kijijini kwetu walikuja watu na habari za msitu na kaboni. Tuliacha kukata kuni, tukalinda zamu usiku, vijana wetu wakagombana na jirani. Pesa hatukuziona. Tafadhali wakili, tarehe ya malipo iandikwe, na iandikwe kwa Kiswahili.

WakiliChake:
Pole sana mama, nimekusikia, na nitaliandika. Fundi, nimempigia simu mzee. Jenereta huwashwa umeme ukikatika tu, na pipa la lita 200 linamchukua miezi miwili. Lita 1,200 kwa mwaka, tani tatu na kitu za hewa ukaa ya dizeli. Wanataka adhamini 120!

Bi Mkubwa, kuna jengine. Kiwanja ni cha zile eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi, kwa jina la marehemu baba yake, na mirathi haijagawiwa.

BiMkubwaVuga:
Basi kaboni iweke pembeni kwanza. Eka tatu ni ardhi ya Serikali iliyotolewa kwa kilimo. Nenda Kamisheni ya Ardhi kabla mtu wa nje hajasimika kitu cha miaka 15. Mirathi ipitie Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, warithi wote waridhie kwa maandishi, dada zake wasisahauliwe.

Dhamana ya tani ikatae. Mteja adhamini kitu kimoja tu, kutouzima mtambo kwa makusudi. Haki za kimazingira zigawiwe kwa asilimia, na wakishindwa kusajili mradi ndani ya miaka miwili zirudi kwake. Piga hesabu ya ada za wakaguzi pia: mradi mdogo hivi peke yake hauzirudishi, wataukusanya pamoja na mingine, kwa hiyo dai haki ya kuona hesabu zote za kundi. Na Kiswahili ndicho kitakachotangulia pale nakala mbili zikipingana. Rasimu yako ikiwa tayari nitumie ndani, nitaisoma bure.