Gumzo la Ukoo wa Chumbageni: Hekalu lililoanzia paani

Hamisi: Shikamoo mama, shikamoo shangazi, shikamoo mjomba. Nimefika Ellora, huku India, salama. Usiku basi kutoka Pune, asubuhi gari jingine kama kilomita 30 kutoka Aurangabad. Siku hizi mji wenyewe unaitwa Chhatrapati Sambhajinagar, ila wenyeji wengi bado wanataja jina la zamani.

Mama Hamisi: Marahaba baba. Umekula?

Hamisi: Nimekula mama. Poha na chai ya maziwa. Ni mchele uliopondwa ukawa bapa, unapikwa na binzari na karanga.

Hamisi: [Picha 5]

Shangazi Zena: Mashaallah! Mbona jengo limekaa shimoni?

Hamisi: Hapo ndipo penyewe shangazi. Halikujengwa, lilichongwa. Huo ulikuwa mlima mzima wa jiwe jeusi. Wakaanza juu, wakashuka nao mpaka chini. Hakuna jiwe lililoletwa kutoka kwingine, wala udongo wa kuunganishia. Linaitwa Kailasa, ni pango namba 16 kati ya mapango 34 yaliyo wazi kwa wageni hapa. Ni la mungu wao Shiva, na jina ni la mlima wa Tibet ambao Wahindu wanaamini ndiko makao yake.

Mjomba Athumani: Marahaba mjomba. Rudia hapo. Walianza JUU?

Hamisi: Juu kabisa mjomba. Walichimba mitaro mitatu mikubwa kwenye mlima, miwili sambamba na mmoja wa kuiunganisha nyuma. Katikati ukabaki mwamba umesimama peke yake kama kisiwa. Huo mwamba ndio ukachongwa hekalu: paa, kuta, nguzo, ngazi, tembo, mpaka madaraja ya kupita kutoka chumba kimoja kwenda kingine.

Dada Mwanaidi: Ya lini hiyo?

Hamisi: Karne ya 8, enzi za Krishna I, mfalme wa ukoo wa Rashtrakuta. Alitawala kati ya miaka ya 756 na 773 hivi. Wafalme waliofuata nao waliongeza vyumba pembeni.

Shangazi Zena: Hamisi mwanangu, umeuliza taratibu kabla ya kuingia? Nyumba ya ibada ya watu ni nyumba ya ibada.

Hamisi: Nimeuliza shangazi. Hapa sasa panalindwa na serikali kama urithi wa kale, na UNESCO waliuingiza kwenye orodha yao mwaka 1983. Hata hivyo ukifika chumba cha ndani unavua viatu, nami nimevua. Karibu na hapa kuna hekalu jingine, Grishneshwar, ambalo watu wanasali kila siku. Pale nimeishia nje, kulikuwa na foleni ndefu ya waliokuja kwa ibada.

Shangazi Zena: Umefanya vyema.

Mjomba Athumani: Nipe vipimo.

Hamisi: Uwanja una urefu wa mita 82 na upana wa mita 46. Hekalu lenyewe linapanda karibu mita 30. Jiwe lililotolewa wanakadiria ni tani 150,000 hadi 200,000.

Mjomba Athumani: Tani 200,000 ni safari 20,000 za lori la tani kumi. Nao hawakuwa na lori.

Mjomba Athumani: Wanangu, mimi nimeshika mwiko miaka 41. Kazi yetu inaanza na msingi. Unachimba, unamwaga zege, unapandisha kozi kwa kozi, paa linakuja mwisho. Hawa wameanza na paa, msingi wakaukuta mwisho wa kazi! Na sisi tofali likikaa vibaya unalitoa, unaweka jingine. Hapo ukigonga mkonga wa tembo ukakatika, tembo huyo amekwisha. Huna pa kutoa jiwe la kumrudishia. Kwa hiyo fundi aliyekuwa juu anachonga kilele alikuwa tayari anajua mita 30 chini yake mlango utakaa wapi. Nguzo iko wapi. Ngazi inapinda wapi. Yote yamo kichwani, na chini yake ni jiwe tupu.

Dada Mwanaidi: Jamani. Sikuwa nimeliona hivyo.

Mjomba Athumani: Tena hawakuhitaji mirunda. Umeona? Walisimama juu ya mwamba wenyewe. Wakimaliza kuchonga sehemu, wanashuka nao. Sisi tunapanda na mirunda, wao wameteremka na kazi yao.

Hamisi: Mjomba, mwongozaji wa wageni hapa amesema vivyo hivyo! Nimemsomea ujumbe wako, amekusalimia.

Mjomba Athumani: Mrudishie salamu.

Juma: Mimi kuna video nimetumiwa, inasema binadamu wa zamani hawakuweza hiyo kazi, eti walishuka viumbe kutoka angani wakaifanya kwa usiku mmoja 😳

Mjomba Athumani: Juma, usitunyang'anye mafundi wetu. Hamisi, nenda kwenye ukuta wa nyuma, pale ambapo hapana sanamu. Tafuta alama za tindo. Kama ni kazi ya mikono zitakuwepo.

Hamisi: Naenda.

Hamisi: [Picha 2]

Hamisi: Zipo mjomba. Mistari mistari, imeelekea upande mmoja, ukuta mzima.

Mjomba Athumani: Juma, umeona?

Juma: Nimeona mjomba. Nafuta video.

Hamisi: Nikupe na hii mjomba, utaipenda. Kuna maandishi ya kale kwenye bamba la shaba, yalitolewa miongo michache baada ya Krishna. Yanasema hata miungu wakipita angani walilishangaa hekalu hili. Na fundi aliyelichonga, alipomaliza, naye akashangaa akajiuliza amewezaje kulifanya.

Mjomba Athumani: Hilo naliamini neno kwa neno.

Shangazi Zena: Hizo sanamu za ukutani zinasimulia nini? Ile ya mtu mwenye mikono mingi chini ya mlima.

Hamisi: Huyo ni Ravana, mfalme wa mashetani. Alijitia nguvu akataka kuung'oa mlima Kailasa na Shiva akiwa juu yake. Mkewe Parvati ameshtuka, amemshika mumewe. Shiva ametulia tu, amebonyeza mlima kwa kidole cha mguu, Ravana akabanwa chini. Ukisimama mbele yake unamwona kweli amekwama gizani huku wenzake juu wana mwanga. Wachongaji walimchimbia shimo refu kwenye jiwe ili kivuli kimkae.

Mama Hamisi: Na ule weupe kwenye picha ya tatu ni nini? Kama ukungu.

Hamisi: Chokaa mama. Zamani hekalu lote lilipigwa lipu nyeupe, lifanane na mlima wenye theluji, kisha likapakwa rangi. Mabaki bado yapo, hasa kwenye dari.

Mjomba Athumani: Chokaa! Kama nyumba zetu za mawe za mji wa kale. Chokaa ikichomwa vizuri na kulowekwa muda wake haiachii kirahisi. Nipigie hiyo dari kwa karibu.

Dada Mwanaidi: Hivi si Ethiopia nako kuna makanisa ya namna hii? Lalibela?

Hamisi: Kabisa dada, makanisa 11. Lile la Mtakatifu Giyorgis limechimbwa kutoka juu hivi hivi, umbo la msalaba. Ila Kailasa imetangulia kwa karne kama nne. Na umeniwahi, kuna Mhabeshi nilitaka kuwaambia habari zake. Huu mji wa Aurangabad aliuanzisha mtu wa Ethiopia, Malik Ambar. Aliuzwa utumwani akiwa mdogo, akaishia huku Dekani, yaani nyanda za juu za India, akapanda mpaka akawa waziri mkuu aliyeshika dola ya Ahmadnagar, akawasumbua Wamughal, watawala wa kaskazini mwa India, miaka na miaka. Mwaka 1610 akajenga mji akauita Khadki. Akauwekea na mifereji ya kuleta maji. Alifariki 1626, kaburi lake liko Khuldabad, kilomita chache tu kutoka hapa nilipo.

Mama Hamisi: Mtoto aliyeuzwa! Pitia kaburini baba, umsomee Fatiha.

Hamisi: Inshallah mama, napita nikirudi mjini.

Mjomba Athumani: Hamisi, kabla hujaondoka. Weka kidole gumba chako kwenye ile alama moja ya tindo, upige picha.

Hamisi: [Picha]

Mjomba Athumani: Inalingana na kidole chako. Subiri.

Mjomba Athumani: [Picha]

Mjomba Athumani: Hii ni tindo aliyoniachia fundi wangu, nimeitoa mfukoni sasa hivi. Nimeweka na kidole changu. Angalieni upana.