Naomba ushauri: babu yumo kwenye wasia wa 1314 Hijria lakini kwenye mirathi hayumo

MwanaKisauni
Assalam aleikum jamani. Nyanya yangu ana miaka 91 na anachotaka sasa ni kujua babu yake alikuwa nani hasa. Sisi tumekua tukiambiwa alikuwa mtoto wa Mwarabu mwenye mashamba huku Kisauni, basi, hakuna aliyeuliza zaidi. Juzi ami yangu kafungua sanduku kukatoka karatasi mbili za Kiarabu, moja ni wasia wa huyo Mwarabu wa mwaka 1314 na nyingine hati ya kuuza shamba ya 1321, na kila moja imebandikwa tafsiri ya Kiswahili iliyopigwa taipu zamani. Kwenye wasia babu yetu anapewa kipande cha shamba chenye minazi. Kwenye hati wauzaji ni wanne na hisa zao ni 5, 14, 14 na 7 kati ya 40, ila jina la babu halimo. Sasa alidhulumiwa ama vipi? Na mwaka 1314 ni wakati gani? Naomba anayejua mambo haya anisaidie, nyanya ananiuliza kila jioni.

BinLamu
Wa aleikum salaam dada. 1314 ilianza Juni 1896, na 1321 ilianza mwishoni mwa Machi 1903. Usijumlishe tu idadi moja kwa miaka yote kwa sababu mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Kizungu kwa siku kama 11, makosa yanazidi kadiri unavyorudi nyuma. Pia waulize wanaojua kama hiyo ni bei ya kukata, yaani kuuza moja kwa moja, ama bei ya khiyari, yaani yenye haki ya kukomboa. Wazee wengi walikopa pesa kwa kuandika hati ya kuuza wakabaki na haki ya kukomboa, mjukuu akiisoma leo anadhani shamba liliuzwa kumbe lilikuwa mkopo.

KaraniMstaafu
Mwanangu, mimi nimekaa na mafaili ya mirathi miaka mingi, hebu tuzisome hizo hisa polepole maana zinasema zaidi ya unavyodhani. Hao wauzaji wanaonekana ni warithi wa yule Mwarabu. 5 kati ya 40 ni thumni, yaani moja ya nane, hiyo ni ya mjane pale marehemu anapoacha watoto. Zinabaki 35. Mwanamume anachukua mara mbili ya mwanamke, kwa hiyo 14 na 14 ni wana wawili wa kiume na 7 ni binti. Imetimia, hakuna mtoto mwingine aliyesahauliwa hapo.

Sasa rudi kwenye wasia. Kisheria mtu hausii zaidi ya thuluthi ya mali yake, na mrithi hausiwi, labda warithi wenzake waridhie. Ndiyo maana wasia ni karatasi mbaya ya kutafutia watoto, wao fungu lao linajulikana hata bila kuandikwa. Anayetajwa kwenye wasia kwa kawaida ni yule ambaye asingepata kitu. Kwa hiyo sidhani babu yako alidhulumiwa. Naona alipewa kwa sababu hakuwa mrithi.

Zinabaki njia mbili. Moja, alikuwa mjukuu ambaye babake alitangulia kufa, huyo anazuiwa na ami zake na babu wengi waliwausia wajukuu wa namna hiyo. Ya pili ni kwamba alikuwa mtumwa aliyeachwa huru na bwana wake. Nakwambia kwa heshima, usichukie.

MamaZai
Lakini mzee, je kama mamake alikuwa suria, yaani mtumwa aliyewekwa na bwana wake kama mke? Kwetu tuko wengi hivyo.

KaraniMstaafu
Mtoto wa suria aliyekubaliwa na babake ni mrithi kamili, sawasawa na wa mke wa ndoa, kwa hiyo angekuwa ndani ya zile 40. Dada MwanaKisauni, mipaka kwenye hati imeandikwaje? Hati za zamani hutaja jirani wa pande zote nne, kibla (kaskazini), suheli (kusini), matlai (mashariki) na maghribi (magharibi). Shamba likigawanywa, jirani mara nyingi ni mtu wa nyumba hiyohiyo.

MwanaKisauni
Tafsiri inasema tu "mipaka yake inajulikana". Hakuna majina kabisa.

KaraniMstaafu
Basi mtafsiri ameruka. Tafuta maalimu akusomee Kiarabu chenyewe neno kwa neno, asikufupishie, na mashahidi wa chini pia.

BinLamu
Na ukimaliza hapo tafuta madai ya ardhi ya baada ya sheria ya 1908. Pwani kila mwenye shamba ilibidi apeleke dai lake kwa msajili, lisilodaiwa likahesabiwa la serikali. Mdai alitakiwa aonyeshe ardhi kaipataje, kwa kurithi, kununua ama kupewa, babu yako akiwa alidai utaisikia sauti yake mwenyewe hapo.

MwanaKisauni
Jamani nimerudi. Jana baada ya Alasiri maalimu kanisomea, wino umefifia kwenye mkunjo ikabidi tuiweke karatasi dirishani. Upande wa suheli imeandikwa shamba la babu yetu, jina lake, halafu "atiki" wa marehemu. Maalimu akanyamaza akaniangalia, nikamwambia soma tu. Ni mwachwa huru. Aliyetafsiri zamani alikuwa mtu wa familia, nadhani aliruka kwa makusudi kutuficha.

Ami kakasirika, anasema karatasi zirudi sandukuni. Mimi nikaenda kumwambia nyanya nikitetemeka. Akanyamaza, akashika ile karatasi akaipapasa pale kwenye mkunjo, kisha akaniuliza, "Na mamake ameandikwa?" Hakuandikwa.

KaraniMstaafu
Mpe nyanya salamu zangu nyingi. Kama mamake alikuwa bado hai na hajaachwa huru, kuna mlango mmoja. Utumwa pwani yetu ulifutwa kisheria 1907 na wenye watumwa wakalipwa fidia, na fidia hailipwi bila madai. Usitafute jina la mama kwanza kwa kuwa hulijui, tafuta majina ya wale wenye hisa 14 na 14, maana baba akifa watumwa nao walirithiwa. Nyaraka za taifa wana tawi hapo Mombasa, anza nalo.

MwanaKisauni
Shukran mzee wangu. Jumatatu naenda, majina yote mawili nishayaandika kwa Kiarabu na kwa Kiswahili.