Je, saa moja ya chemsha bongo na watoto inaweza kuhesabiwa katika malengo ya mwaka?

BabaWatatu_Moro:

Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi ni baba wa watoto watatu, nina umri wa miaka 41, naishi Morogoro na kazi yangu ni kutunza hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi. Mwezi wa Januari niliandika malengo manne katika ukurasa wa mwisho wa daftari la mauzo lililojaa: kusoma kitabu kimoja kila mwezi, kukimbia kilomita 5 bila kusimama, kuweka akiba ya kiwanja, na kujifunza bao la Kiswahili hadi nimfunge baba mkwe walau mara moja kabla ya Desemba. Hilo la mwisho mke wangu alilicheka sana, kwa kuwa anamfahamu baba yake.

Sasa tumeingia Agosti. Vitabu nimesoma viwili na nusu, mbio nimefika kilomita 3, na akiba ya kiwanja imegeuka kuwa ada ya shule. Kuhusu bao, nimefungwa mara nyingi kiasi kwamba baba mkwe hujibu simu ya mtu mwingine huku akicheza nami.

Lakini kuna jambo moja ambalo sikuliandika popote, nalo ndilo pekee lililodumu. Usiku mmoja wa mwezi Machi umeme ulikatika wakati tamthilia inaanza, na watoto wakanuna. Ili kuwatuliza niliuliza gizani: ni ziwa gani lenye kina kirefu kuliko yote Afrika? Binti yangu mkubwa, mwenye miaka 11, akasema Tanganyika. Mdogo wake akashikilia kuwa ni Victoria kwa sababu ndilo kubwa kwenye ramani ya darasani kwao. Walibishana mpaka umeme ukarudi, na hakuna aliyenyanyuka kuwasha televisheni. Kesho yake waliniomba maswali mengine, na tangu hapo, kila siku kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, tunatandika mkeka sebuleni na kuulizana.

Nakiri kwamba si watoto peke yao wanaojifunza. Kwa miaka mingi nimekuwa nikisimulia, tena kwa sauti ya mtu aliyekuwapo uwanjani, kwamba Filbert Bayi alitwaa dhahabu ya Olimpiki. Binti yangu aliichukua simu ya mama yake, akasoma kimya kwa muda, kisha akanisahihisha mbele ya wenzake: kilichotokea Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974 kilikuwa rekodi ya dunia ya mita 1,500, ya dakika 3 na sekunde 32.16, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Medali yake ya Olimpiki ni ya fedha, ya Moscow mwaka 1980, tena katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Akanikata alama mbili. Kanuni ya kukata alama mbili sijui aliitoa wapi.

Swali langu ni hili. Saa hiyo moja ndiyo niliyokuwa nimeitenga kwa ajili ya kusoma na kujifunza bao. Je, niipunguze iwe mara mbili kwa wiki ili nirudi kwenye malengo niliyojiwekea, au niihesabu kuwa lengo la tano? Ninachokihofia ni kwamba huenda najidanganya, na kuiita burudani lengo kwa kuwa ndiyo pekee ninayoiweza.

MwalimuMstaafu_Tanga:

Bwana BabaWatatu, hongera kwa kukubali kukatwa alama na mtoto. Wazazi wengi wangeizima simu.

Sitaingilia ratiba yako, ila nitasema neno kuhusu maswali yenyewe, kwa sababu nimetunga maswali kwa zaidi ya miaka thelathini na najua yanavyoweza kumchosha mtoto. Swali linaloanza na "mwaka gani" humpa ushindi yule mwenye kumbukumbu nzuri, ambaye mara nyingi ndiye mkubwa, na yule mdogo huzoea kushindwa. Mchukue huyo huyo Bayi. Siku ile Christchurch aliongoza tangu mwanzo wa mbio, naye John Walker wa New Zealand aliyemfuata akamaliza pia ndani ya rekodi iliyokuwapo, na wa tatu akawa Ben Jipcho wa Kenya. Kila mtu alitarajia marudio katika Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976. Sasa waulize: kwa nini Bayi na Walker hawakukutana Montreal? Jibu ni kwamba Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia michezo ile, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi na bado nchi yake ikaruhusiwa kushiriki. Walker akachukua dhahabu, na Bayi akabaki nyumbani. Hapo utakuwa umeuliza swali moja, na saa nzima itakwisha mkiwa mnajadili kama ilikuwa haki kumnyima mkimbiaji nafasi yake.

Tena upo Morogoro, mji wa Morogoro Jazz na Cuban Marimba. Wapigie wimbo wa Mbaraka Mwinshehe na wa Salum Abdallah, uwaulize ni nani anayeimba na wametambuaje. Masikio ya mtoto wa miaka sita hayapitwi sana na ya mtu mzima. Na kama bado huyo mdogo analia kwa kukosa alama, anza kila kikao kwa vitendawili. "Kuku wangu katagia mibani" hauhitaji ramani wala simu, na mkishindwa, yeye ndiye atakayewaambia "nipeni mji", kisha atachagua mji mkubwa kabla ya kuwapa nanasi lake.

MkimbiajiWaAlfajiri:

Mimi nitapingana na moyo wa swali lako, ndugu, na usinichukie. Wewe ni mtunza hesabu. Mteja akinunua misumari, huandiki saruji kwa sababu mwezi huu saruji haikuuzika. Lengo ni kile ulichokiandika Januari, na kilichotokea Machi kwa bahati ya giza ni kitu kizuri, lakini kiandike katika safu yake.

Zaidi ya hapo, mashtaka dhidi ya chemsha bongo hayana ushahidi. Kilomita 5 hukukusudia kuzikimbia saa mbili usiku. Kiwanja nacho hakinunuliwi kwa kulala mapema. Kati ya malengo manne, ni mawili tu yanayogombania saa hiyo, na hayo mengine mawili yamekwama kwa sababu nyingine ambazo wewe mwenyewe unazijua. Mimi nilikwama kwenye kilomita 3 kwa miezi minne, nikilaumu kazi, mpaka nilipogundua kwamba nilikuwa naanza kwa kasi ya kijana wa kidato cha nne. Nilipopunguza mwendo kiasi cha kuweza kuzungumza nikiwa ninakimbia, kilomita ya nne ilikuja ndani ya wiki mbili. Amka saa kumi na moja na nusu, toka taratibu, urudi kabla watoto hawajaamka, na jioni ibaki ya mkeka.

MamaPacha:

Nimelisoma swali mara mbili nikimtafuta mke wako, nikamkuta mahali pawili: anakucheka, kisha simu yake inatumika.

Saa mbili hadi saa tatu usiku, katika nyumba nyingi ninazozijua, ndiyo saa ya kuosha vyombo, kunyoosha sare za kesho na kuloweka maharage. Baba akiwa mkekani na watoto watatu wanaocheka, ni nani yupo karoni? Huenda nakuonea na kwenu mambo ni tofauti. Lakini kwangu ilikuwa hivyo hivyo, mpaka nilipowaambia kwamba maswali yataulizwa jikoni au hayataulizwa kabisa. Sasa mwenye alama chache anaosha sufuria, na mume wangu amepata bidii ya kusoma ambayo hakuwa nayo tangu tuoane. Kabla hujaamua kama saa hiyo ni lengo lako, muulize mwenzako kama yeye anayo saa yoyote.

KimbiNaKichwa_Unguja:

Ndugu yangu, wenzangu wamesema ya familia. Mimi nimeona neno bao na siwezi kupita bila kusalimu.

Tatizo lako, kwa namna ulivyolieleza, ni kwamba unajifunza kwa kufungwa na mtu mmoja ambaye hana muda wa kukueleza kosa lako. Usianze na bao la Kiswahili lenyewe. Wafundishe watoto aina nyepesi, ile ya kujifunza, ambamo kete zote 64 huwekwa mbili mbili katika mashimo yote 32 tangu mwanzo, hakuna kunamua (yaani kuingiza kete za mkononi moja moja), na mchezo unaanza moja kwa moja. Mtoto wa miaka minane ataielewa kwa siku mbili, nawe utapata wapinzani watatu ndani ya nyumba, ambao watakulazimisha kueleza kila hatua kwa maneno. Ukiweza kumweleza mtoto kwa nini kete zilizoliwa kwenye kimbi (mashimo ya pembeni ya mstari wa mbele) lazima zianzie kichwa, yaani shimo la mwisho kabisa, cha upande ule ule, umeshaielewa mwenyewe.

Baada ya hapo ndipo uende kwenye bao kamili: kete sita katika nyumba, lile shimo kuu la mstari wa mbele, mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi za kunamua. Wageni wengi wana tamaa ya nyumba. Kete zikijaa pale, mkono unawawasha, wanasafiri nazo mapema ili wale sana mara moja, na baada ya hapo mstari wa mbele, ambao ukibaki mtupu umefungwa, unabaki hauna kitu cha kuutegemea. Itunze nyumba yako hata pale mtaji mnono, yaani nafasi ya kula, unapokuita. Mzee aliyecheza miaka arubaini anakusubiri pale pale.

Na kwa swali lako: mkeka ni ule ule, watu ni wale wale. Siku mbili za wiki badala ya maswali wekeni bao katikati. Sioni ugomvi uko wapi.

BabaWatatu_Moro:

Shikamoo kwa wakubwa, na asanteni nyote. Nimekaa wiki tatu kabla ya kurudi, kwa sababu sikutaka kurudi na ahadi.

Nianze na MamaPacha, kwa kuwa ndiye aliyeninyima usingizi. Nilimwuliza mke wangu kama anayo saa yake, akaniangalia kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu ambacho hakiuzwi. Kisha akasema angependa nusu saa tu, baada ya chakula, ya kukaa bila kuitwa. Kwa hiyo sasa mimi na watoto tunaosha vyombo huku tukiulizana, na vikombe viwili vimeshavunjika katika mjadala wa Montreal. Binti yangu anasema Bayi alionewa; mdogo wake anasema angekwenda kukimbia ndipo angeonewa. Bado hatujapata mshindi.

MkimbiajiWaAlfajiri, nimekuelewa na nimefungua safu mpya. Chemsha bongo nimeiandika peke yake, chini ya mstari, haijumlishwi na yale manne. Ya kukimbia taratibu ni kweli tupu, ingawa inavunja heshima kupitwa na mama mwenye ndoo ya maandazi kichwani. Juzi nilifika kilomita 4. Kiwanja bado.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba mke wangu, baada ya nusu saa yake, alianza kuja mwenyewe, tena na maswali. Usiku mmoja aliuliza: ni kitu gani kilichomfanya babu yenu azime redio na kukaa bila kuzungumza mpaka kesho yake? Hakuna aliyejua. Ilikuwa mwaka 1993, yeye akiwa bado mtoto, Simba ilipofungwa na Stella ya Abidjan pale Dar es Salaam katika fainali ya Kombe la CAF, baada ya kutoka sare kule ugenini. Watoto waliiona habari hiyo kubwa kuliko mlima Kilimanjaro. Nami nikaona nimepata silaha.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa mzee na bao langu jipya la kichwani. Mchezo wa kwanza nilifungwa nikiwa bado ninanamua, kete zingine zimo mkononi. Wa pili niliitunza nyumba kama nilivyoelekezwa, tukaenda mbali, hata akaacha kujibu simu, jambo ambalo halijapata kutokea. Nilipoona anafikiri kwa muda mrefu, nikauliza kwa upole, kana kwamba limenijia tu: "Hivi, baba, ile fainali ya mwaka 1993, Stella walitufunga ngapi?"

Hakuinua macho. "Mbili bila," akasema, akachota kete zake, akazigawa shimo kwa shimo bila haraka, na alipolala kwenye shimo tupu, mstari wangu wa mbele ulikuwa mtupu.