Idi mbili nyumba moja, nani yuko sahihi?

msafiri_7: Asalaam aleykum wakuu. Mimi na bro tunaishi nyumba moja ila mwaka huu kafungua siku moja kabla yangu, yeye anafuata mwezi ukionekana popote duniani, mimi nasubiri uandame hapa hapa nchini. Basi asubuhi yeye kanzu mpya anakunywa chai mi nina swaumu yangu ya 30, mama yuko katikati hajui ampe nani mkono wa Idi. Akaniambia kufunga siku ya Idi haramu, nikamjibu na wewe umekula mchana wa Ramadhani. Tangu hapo salamu tu. Nani kakosea?

Abuu Kalamu: Waalaykum salaam. Hili halikuanza kwenu. Kurayb, mtu wa zama za masahaba, alitoka Sham (Syria), kule waliuona mwezi wa Ramadhani usiku wa Ijumaa na mtawala wao Muawiya akafunga nao, kufika Madina sahaba Ibn Abbas akamwambia sisi tumeuona usiku wa Jumamosi na tutaendelea mpaka tuuone au tutimize 30. Hadithi iko kwenye kitabu cha Imam Muslim. Mashafi (wafuasi wa Imam Shafii) wengi wakashika hapo, kila matlai, yaani eneo la kuandama mwezi, na mwezi wake, ila Mahanafi (wafuasi wa Imam Abu Hanifa) wengi wao ukionekana sehemu moja unawahusu wote. Sasa wewe na bro wako mmeshinda maimamu?

kitu_safi: Sheikh, enzi za Kurayb habari ilikuja na ngamia, leo inafika kabla hujamaliza kufuturu!! Na Arafa je, tarehe 9 ya mwezi wa Hija? Mahujaji wamesimama, we unasema kwako leo tarehe 8

Abuu Kalamu: @kitu_safi na kabla ya simu za waya waliokuwa mbali na Makka waliijuaje Arafa? Walihesabu mwezi wao wakafunga tarehe 9, hakuna aliyewaambia swaumu yenu batili

Mhesabu: Mnasahau kuna wasioangalia mbingu kabisa. Uturuki wanapiga hesabu, kalenda inatoka mapema. Mabohora (kundi la Mashia) nao wana mzunguko wa miaka 30, 11 kati yake inaongezwa siku, na Ramadhani yao kila mwaka ni 30, hawajui kitu 29 🙂 Mi napenda hesabu ila sijawahi kumwambia mtu Idi yake feki, kuna hadithi kwenye kitabu cha Imam Tirmidhi, swaumu ni siku mnayofunga na kufungua ni siku mnayofungua, yaani pamoja na watu

kitu_safi: Watu gani sasa, ndo swali lenyewe hilo

msafiri_7: Hahaa. Nimemtumia bro huu uzi, kajibu "soma jibu la kitu_safi". Ila kaniuliza kama nimekula