Siku nne Mwanza na watoto: mawe, visiwa na suala la kuogelea

Kutoka: Leicester

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Tunatua Mwanza katikati ya Julai na watoto watatu, siku nne kamili kabla ya kwenda Magu kwa bibi yao. Wao wanataka wanyama na kuogelea. Sisi tunataka wauone mji na historia yake. Tuanzie wapi?

Kutoka: Minneapolis

Mwangaluka! Siku ya kwanza asubuhi nendeni kisiwa cha Saanane. Boti zinaondokea ofisi ya TANAPA (shirika la hifadhi za taifa), Capri Point, na kuvuka ni kama dakika kumi hivi, kwa hiyo hata mtoto mwoga wa maji hapati muda wa kulia. Msingoje alasiri: upepo umeshapanda, boti ndogo inarushwa na mnafika mmelowa. Bustani ya wanyama ilianzishwa pale 1964, ya kwanza nchini, na 2013 kisiwa kikawa hifadhi ya taifa. Ni kilomita za mraba 2.18 tu, maji yakiwemo. Jina ni la Mzee Saanane Chawandi, aliyekaa pale akivua na kulima.

Malipo: msitegemee kutoa noti mlangoni. Mnapewa namba ya malipo, mnalipa kwa simu au kadi. Kinachokwamisha familia za ughaibuni ni pasi. Mtanzania analipa kiingilio cha Mtanzania akionyesha kitambulisho cha NIDA au pasi yake. Mtoto mwenye pasi ya Uingereza anahesabiwa mgeni, hata kama Kisukuma chake kinamshinda mhifadhi. Pigeni hesabu hiyo mkiwa bado huko.

Vaeni raba zenye meno, maana njia inapita juu ya mawe. Kwenye nyufa mtaona pimbi, na juu ya mawe yenye jua mjusi dume mwenye kichwa na mabega mekundu na mwili wa bluu. Jina lake la kisayansi ni *Agama mwanzae*, limetokana na mji wetu. Watoto watamwita Spider-Man, muwaache.

Jiwe la Bismarck halina haja ya siku yake. Lipo majini karibu na ukingo, jirani na feri ya Kamanga, na jina limebaki toka enzi za Wajerumani. Jua huzama upande wa maji, hivyo jioni picha inatoka kivuli cheusi (kizuri pia), ila ukitaka nyufa na rangi ya jiwe piga asubuhi. Mkirudi mjini piteni mnara wa saa penye bango la Speke, mpelelezi Mwingereza aliyeliona Ziwa Victoria kutoka kilima cha Isamilo tarehe 3 Agosti 1858. Wasukuma walikuwa wakilinywa siku zote, lakini bango ni la Speke.

Kutoka: Toronto

Niongeze la kuogelea, kwa sababu hapo ndipo watu hukosea. Tunza na Malaika ni fukwe nzuri za kukaa, kula sato na kuangalia jua likizama. Majini msiwaingize.

Wengi wanajua kichocho cha kukojoa damu, basi mtoto asipokojoa damu wanasema yuko salama. Kichocho cha mwambao wa ziwa mara nyingi ni kile cha matumbo: dalili zake ni tumbo kuuma, kuharisha, damu kwenye kinyesi, na baada ya miaka ini huharibika. Kipimo chake ni kinyesi, siyo mkojo. Konokono wanaobeba vimelea hukaa maji ya kina kifupi yenye majani, yaani palepale mtoto anapochezea. Vimelea hutoka mchana, na dakika chache zinatosha kupenya ngozi, hata maji yakiishia kwenye vifundo vya miguu.

Wakiingia kwa bahati mbaya, wafuteni kwa taulo papo hapo, mkisugua. Hiyo inapunguza tu hatari, haiiondoi. Msikimbilie kumeza dawa kesho yake pia: prazikwanteli huua minyoo iliyokwisha kukomaa, kwa hiyo ikimezwa mapema inapita bure. Vipimo na dawa husubiri angalau wiki 6 hadi 8 toka siku ya maji. Dozi ya kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 30 anapata 1,200, yaani vidonge viwili vya 600. Hesabu ya mwisho ni ya daktari.

Mkirudi Leicester, mtoto akipata homa, kwanza malaria, siku hiyohiyo. Malaria isipoonekana na homa imekuja na kikohozi au vipele, mwambieni daktari waziwazi kwamba aliingia Ziwa Victoria, na tarehe. Huko hawatauliza wenyewe.

Maji ya kuoga yaliyokaa kwenye tenki siku mbili hayana shida ya kichocho. Ya kunywa ni yale yaliyochemshwa au ya chupa.

Kutoka: Mwanza, Nyamagana

Siku ya pili shikeni barabara ya Musoma. Igoma kuna makaburi na mnara wa waliokufa meli ya MV Bukoba ilipozama, 21 Mei 1996. Simameni kidogo kwa heshima. Mbele yake ni Kisesa, kama kilomita 20 toka mjini, halafu bodaboda hadi makumbusho ya Bujora, aliyoanzisha padre Mkanada, David Clement. Ombeni mwongozaji awaonyeshe ngoma za watemi na awaeleze Bagika na Bagalu: makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, mshindi ni aliyevuta watu wengi. Ndiyo maana wengine hucheza na fisi au chatu. Sherehe yenyewe ya mashindano hayo, Bulabo, hufuata sikukuu ya Ekaristi, siku 60 baada ya Pasaka, hivyo katikati ya Julai mtakuwa mmechelewa.

Hifadhi ya kisiwa cha Rubondo iacheni safari hii, siku nne hazitoshi. Ila anayewaambia mpange foleni ya feri Kigongo, njia ya kwenda huko, amepitwa: daraja la kilomita 3 hadi Busisi lilifunguliwa 19 Juni 2025.

Kutoka: Leicester

Asanteni sana. Na kisiwa cha Ukerewe?

Kutoka: Mwanza, Nyamagana

Mkilala Nansio, mji wake, sawa. Meli inachukua muda wa saa tatu hadi nne kwenda tu, kwa hiyo kwenda na kurudi siku moja na watoto mtaona bandari na viti. Kwa Magu yenu kuna njia nyingine: kutoka kisiwani vukeni kwa feri ya Rugezi hadi Kisorya, mtokee Bunda, halafu mrudi kwa barabara. Kabla ya kulipa hoteli, ulizeni bandarini ratiba ya wiki hiyohiyo.