Chiefs wamemlipa Trey Smith na kumwachia Joe Thuney: je, fedha za walinzi zimewekwa mahali panapostahili?

Mtazamaji_wa_Alfajiri aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Ninaomba tulijadili kwa kina jambo ambalo limenikaa kichwani tangu Julai 2025, pale Kansas City Chiefs walipompa Trey Smith mkataba wa miaka minne wa dola milioni 94, ambazo milioni 70 kati yake zimehakikishwa. Kwa wale ambao bado wanaujifunza mchezo huu wa soka la Marekani, mstari wa watu watano wanaomlinda kwotabeki (mrusha mpira anayeongoza mashambulizi) una senta katikati, walinzi wa ndani wawili kando yake, na walinzi wa pembeni wawili wanaofunga ncha za mstari. Smith ni mlinzi wa ndani wa kulia. Agosti 2024 senta wao Creed Humphrey naye alikuwa ameongezewa miaka minne kwa dola milioni 72, akawaacha mbali masenta wengine wote wa ligi kwa malipo. Baina ya mikataba hiyo miwili, Machi 2025, klabu ilimpeleka Joe Thuney, mlinzi wa ndani wa kushoto, kwa Chicago Bears, na ilichopata ni chaguo moja la raundi ya nne katika drafti ya 2026, yaani zamu za klabu kuchagua wachezaji wapya kutoka vyuoni.

Swali langu linatokana na yale tuliyoyaona sisi tulioamka saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, Februari 2025, kutazama Super Bowl ya 59, fainali ya ligi. Philadelphia Eagles waliwashinda Chiefs 40 kwa 22 na kumwangusha kwotabeki wao Patrick Mahomes mara 6 kabla hajarusha mpira, wakimsaka kwa watu wao wanne wa mbele, bila kuongeza mwingine kutoka nyuma. Usiku huo Thuney hakuwa mahali pake. Alikuwa amehamishiwa pembeni kushoto kwa sababu kila aliyejaribiwa pale msimu mzima ama alishindwa ama aliumia. Kwa jinsi nilivyoona, tatizo lilikuwa pembeni. Iweje basi fedha kubwa ziende katikati?

Nimejaribu kupiga hesabu. Wastani wa Smith ni milioni 23.5 kwa mwaka, wa Humphrey ni milioni 18, na kikomo cha mishahara cha mwaka 2025 kilikuwa milioni 279.2 kwa kila klabu. Wachezaji wawili, ambao hakuna anayegusa mpira isipokuwa senta anapourudisha nyuma kuanzisha mchezo, wanachukua karibu asilimia 15 ya kikomo chote. Je, huo ni uamuzi wa busara? Na kama Smith alikuwa wa thamani hiyo, kwa nini hakusaini pamoja na Humphrey mwaka 2024?

Hesabu_za_Ligi alijibu:

Ndugu Mtazamaji, nashukuru kwa swali hili, kwa sababu mara nyingi tunajadili makwotabeki tu na kuwasahau watu wanaowafanya wasimame.

Nianze na kilichopandisha bei ya Smith. Sheria inairuhusu klabu kumwekea lebo mchezaji mmoja ambaye mkataba wake umekwisha, na lebo hiyo humzuia kwa mwaka mmoja kwa mshahara unaokokotolewa kutokana na malipo makubwa ya nafasi yake. Tatizo ni kwamba sheria haiwatenganishi walinzi wa mstari. Senta, mlinzi wa ndani na mlinzi wa pembeni wote wamewekwa katika kundi moja, na kwa kuwa walinzi wa pembeni ndio wanaolipwa zaidi, kiwango chao humbeba kila aliye katika kundi hilo. Mwaka 2025 lebo ya walinzi ilikuwa takriban milioni 23.4. Wakati huo mlinzi wa ndani aliyelipwa kuliko wote alikuwa Landon Dickerson wa Eagles, kwa wastani wa milioni 21. Kwa hiyo siku Chiefs walipomwekea Smith lebo, walikuwa tayari wamekubali kwamba mazungumzo yataanzia juu ya kilele cha soko lake, na wakala wake hakuwa na sababu hata moja ya kuteremka.

Tena wakala angeweza kuendelea mbele. Lebo ya pili hulipwa asilimia 120 ya ile ya kwanza, yaani zaidi kidogo ya milioni 28. Ukijumlisha miaka miwili ya lebo unapata milioni 51.5, kisha mchezaji anaingia sokoni akiwa bado ana nguvu zake. Ukiitazama ile milioni 70 iliyohakikishwa kwa jicho hilo, utaona kwamba haikuokotwa hewani.

Kuhusu swali lako la mwaka 2024, hapo ndipo ninapoona Chiefs walilegea. Mchezaji aliyeingia kwa drafti hawezi kuongezewa mkataba kabla ya kumaliza msimu wake wa tatu. Humphrey, chaguo la 63, na Smith, chaguo la 226 katika raundi ya sita, waliingia pamoja mwaka 2021, kwa hiyo mlango uliwafungukia siku moja. Klabu ikammalizia Humphrey na kumwacha Smith acheze hadi mwisho wa mkataba wake mdogo. Katika mwaka huo mmoja kikomo kilipanda kutoka milioni 255.4 hadi milioni 279.2, na bei za walinzi zikapanda nacho. Kuchelewa kuligharimu.

Hata hivyo siwezi kusema walikosea kumlipa. Kumbukeni Super Bowl ya 55, Februari 2021, ambapo Tampa Bay walishinda 31 kwa 9 huku Mahomes akikimbizwa kila upande, kwa kuwa walinzi wake wa pembeni wawili wa kawaida, Eric Fisher na Mitchell Schwartz, walikuwa majeruhi. Mwezi uliofuata wote wawili waliachwa. Thuney akaja kutoka New England kwa miaka mitano na milioni 80, Orlando Brown akaletwa kutoka Baltimore, na Humphrey na Smith wakachaguliwa. Mstari ule mpya ulicheza Super Bowl ya 57 dhidi ya Eagles bila Mahomes kuangushwa hata mara moja. Smith alishuka hadi raundi ya sita si kwa kukosa uwezo, bali kwa sababu alipokuwa chuoni Tennessee aliwahi kupata mabonge ya damu mapafuni na klabu nyingi ziliogopa. Kumpata mchezaji wa kiwango hicho kwa mshahara wa raundi ya sita kwa miaka minne ni faida ambayo klabu ilikuwa imeshaila kabla ya kulipa chochote kikubwa.

Kuhusu Thuney, hesabu ilikuwa ngumu na ninaamini iliwauma. Alikuwa ametajwa katika kikosi bora cha kwanza cha ligi mwaka 2023 na 2024. Lakini Machi 2025 alikuwa na miaka 32, amebakiza mwaka mmoja, na mzigo wake kwenye kikomo ulikuwa karibu milioni 27. Ukimwongeza Smith na lebo yake, walinzi wa ndani wawili tu wangekula zaidi ya milioni 50 kwa msimu mmoja. Kumpeleka Chicago kuliwaachia takriban milioni 16. Smith alikuwa anaingia miaka 26. Ningekuwa mimi, ningechagua vivyo hivyo.

Kijana_wa_Ilala alijibu:

Mkuu Hesabu, ninakubaliana nawe kuhusu lebo, ila nadhani umewapa Chiefs heshima kubwa mno kuhusu mpangilio wa jumla. Tuwatazame hao hao waliowafunga.

Philadelphia hawangoji. Jordan Mailata, Mwaustralia aliyetoka kwenye raga na kuchaguliwa raundi ya saba mwaka 2018, alisaini miaka minne kwa milioni 64 Septemba 2021, kabla hajamaliza mkataba wake wa kwanza, na Aprili 2024 akaongezewa miaka mitatu kwa milioni 66. Dickerson aliyechaguliwa 2021 alisaini milioni 84 Machi 2024, yaani mara tu sheria iliporuhusu. Cam Jurgens aliyeingia 2022 kuchukua nafasi ya Jason Kelce pole pole alisaini milioni 68 Aprili 2025, mara tu sheria iliporuhusu vilevile. Hakuna kati ya hao aliyefika kwenye lebo. Na ile nafasi ya tano ambayo fedha hazikuitosha, yaani mlinzi wa ndani wa kulia, mwaka 2024 waliijaza kwa Mekhi Becton, ambaye Jets walikuwa wamemchagua wa 11 mwaka 2020 na baadaye wakamwacha aende. Walimpa mwaka mmoja kwa malipo madogo, kocha Jeff Stoutland akamfundisha nafasi mpya, wakatwaa ubingwa, kisha wakamwacha aende kwa Chargers alikopata miaka miwili na milioni 20. Hawakumfukuzia.

Chiefs kwa upande wao wamekuwa wakinunua pembeni kila mwaka kama mtu anayeziba paa wakati mvua inanyesha. Brown alikataa mkataba mrefu Julai 2022, akacheza kwa lebo, akaondoka kwenda Cincinnati. Donovan Smith akaja kwa mwaka mmoja. Jawaan Taylor akapewa milioni 80 kwa miaka minne mwaka 2023, na msimu huo akaongoza ligi nzima kwa kupigiwa filimbi za makosa. Jaylon Moore akapewa milioni 30 kwa miaka miwili mwaka 2025. Fedha hizo zote zilitumika kutafuta kitu ambacho drafti ingeweza kuwapa mapema.

Cincinnati nao ni ushahidi. Kwotabeki wao Joe Burrow aliangushwa mara 9 na klabu ya Tennessee Januari 2022 na mara 7 katika Super Bowl ya mwaka huo. Klabu ikaingia sokoni na kuwaleta Alex Cappa, Ted Karras na La'el Collins kwa mkupuo, na mwaka uliofuata Brown kwa milioni 64. Collins aliumia goti msimu wa kwanza na akaachwa 2023. Cappa aliachwa Machi 2025. Mlinzi mzuri akifika sokoni, jiulize kwanza kwa nini klabu iliyomlea imemwacha, kwa sababu wao ndio wanaomjua mgongo na magoti.

Mtazamaji_wa_Alfajiri aliandika tena:

Nawashukuru sana wote wawili. Sasa naona kwamba nilikosea kuutazama wastani wa mkataba kana kwamba ndio unaoingia kwenye kikomo. Ndugu Hesabu, umesema mzigo wa Thuney mwaka wa mwisho ulikuwa karibu milioni 27 wakati mkataba wake ulikuwa na wastani wa milioni 16. Tofauti hiyo ilitoka wapi? Na je, hayo yatawapata tena kwa Smith na Humphrey?

Hesabu_za_Ligi alijibu:

Ilitoka kwenye bonasi. Bonasi ya kusaini hulipwa mkononi mapema, lakini katika hesabu za kikomo hugawanywa sawasawa kwa miaka ya mkataba, isiyozidi mitano. Tuchukue mfano wa kubuni: mchezaji anasaini miaka minne na kupewa bonasi ya milioni 20, basi kila mwaka inahesabiwa milioni 5. Klabu ikiongeza mwaka mmoja hewa mwishoni, mwaka ambao kila mtu anajua hatacheza, inahesabiwa milioni 4. Akiondoka baada ya miaka miwili, milioni 12 zilizobaki zinaangukia kikomo cha klabu kwa pamoja, isipokuwa kama ameachwa baada ya Juni 1, ambapo milioni 4 huhesabiwa mwaka huo na milioni 8 mwaka unaofuata.

Ukitaka nafuu ya haraka, unaweza pia kuugeuza mshahara wa mwaka huu kuwa bonasi na kuusukuma mbele. Chiefs walifanya hivyo kwa Thuney, na ndiyo maana mwaka wake wa mwisho ulivimba. Hata baada ya kumpeleka Chicago, karibu milioni 11 zilibaki kwenye vitabu vyao vya 2025 kwa mchezaji anayevaa jezi ya watu wengine.

Inaweza kuwapata tena. Mikataba ya Humphrey na Smith yote inaishia 2028, na kila watakapobanwa kabla ya hapo, kishawishi cha kusukuma mbele kitakuwepo. Lakini kuna jambo ambalo Kijana wa Ilala hakulitaja, na mimi nalihesabu kuwa ndilo lililouokoa mpango mzima. Aprili 2025 Chiefs walimchagua Josh Simmons wa Ohio State wa 32, mlinzi wa pembeni ambaye angetoka mapema zaidi kama asingeumia goti Oktoba 2024. Kingsley Suamataia, aliyeshindwa pembeni, wakamhamishia ndani kwenye nafasi ya Thuney. Upande wote wa kushoto ukawa wa vijana wenye mikataba ya drafti, na hiyo ndiyo iliyowawezesha kubeba bei ya katikati na kulia. Kwa Simmons wanao muda, kwa sababu chaguo la raundi ya kwanza lina mwaka wa tano wa hiari ya klabu. Suamataia ni wa raundi ya pili, hana mwaka huo, na mlango wake utafunguka msimu wa 2026 utakapokwisha.

Kijana_wa_Ilala alijibu:

Hapo umenipata, mkuu. Simmons akisimama vizuri, lawama zangu nyingi zitapungua. Ila angalieni kilichotokea Dallas: Septemba 2025, hata miezi miwili haijatimia tangu Trey Smith asaini, Tyler Smith akapewa miaka minne kwa milioni 96 na kumpita. Suamataia akifanya vizuri ndani, kila mwezi watakaochelewa naye utakuwa na bei yake. Mimi ningekuwa mezani pake mapema 2027, kabla ya soko kufunguliwa mwezi Machi.