Mrejesho: ile aya yangu ya kuchambua hadithi fupi

Jamani narudi na mrejesho. Niliuliza kwa nini aya yangu imepata 3 kati ya 10 wakati mbinu za lugha, yaani tashbihi (kufananisha), tashihisi (kukipa kitu tabia za mtu) na takriri (kurudiarudia maneno), nilizitaja zote, mkaniambia nimeorodhesha tu, sijachambua. Iliniuma kidogo ila mlikuwa sahihi.

Basi nikafuta zote nikabaki na moja, tashihisi, ile sentensi ya "mlango ulikohoa kabla ya kumruhusu aingie". Mwanzo niliandika eti inaifanya hadithi ivutie, maneno ambayo ukiyabandika kwenye hadithi yoyote yanakaa. Safari hii nikajiuliza mbona ukohoe, si ungelia tu kama milango mingine? Nikarudi kusoma nikaona baba mtu anaumwa kifua chumba cha ndani na bado hatujamwona, kumbe nyumba inakohoa kabla yake, mwandishi anatuandaa mapema. Hapo kalamu ikateleza yenyewe: hoja, dondoo fupi, halafu sentensi 4 za kulifafanua hilo neno moja.

Nimepata 8. Mbili zimeliwa na dondoo la pili nililolitupia mwishoni bila maelezo, uzembe wangu huo.